Bima ya Afya kwa Asiye na Mwajiri

Mwalimu wa shule ya serikali nchini Tanzania mwenye mshahara wa shilingi 1,000,000 huchangiwa bima ya afya shilingi 60,000 kila mwezi bila kwenda benki, bila kujaza fomu, na mara nyingi bila hata kukumbuka. Asilimia 3 hukatwa kwenye mshahara wake, asilimia 3 huongezwa na mwajiri, na kadi za Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, humhudumia yeye, mwenzi wake na wategemezi hadi wanne. Fundi wa kuchomelea vyuma pale Gerezani, Dar es Salaam, anaweza kuwa na kipato hichohicho na familia ya ukubwa uleule. Ila yeye hana wa kumkata wala wa kumwongezea. Akienda mwenyewe kuulizia bima, anakuta bei nyingine, masharti mengine, na maswali ambayo mwalimu hakuulizwa.

Watu wa aina ya fundi huyo ndio wengi. Kenya, zaidi ya nafasi nane katika kila kumi za kazi ziko kwenye sekta isiyo rasmi. Tanzania, Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, na takwimu ambazo Serikali ilizitumia wakati sheria mpya ya bima inajadiliwa zilionyesha kuwa wenye bima ya aina yoyote walikuwa kama asilimia 15 tu. Waliobaki, zaidi ya milioni 50, hutibiwa kwa msamaha wa ada, kwa fedha taslimu, kwa kuuza mbuzi au kiwanja, au kwa michango ya ndugu na marafiki kwenye makundi ya simu.

Maelezo yanayotolewa kila mara ni kwamba wananchi hawana elimu ya bima. Maelezo hayo hayatoshi. Wananchi haohao huchanga vikoba kila wiki, huchangia misiba ya majirani na huweka akiba ya ada za watoto; wazo la kuchanga leo kwa ajili ya tatizo la kesho si geni kwao. Kinachowakosesha bima ni kwamba orodha ya mishahara hufanya kazi tatu kimyakimya. Kwanza, hukusanya fedha kabla hazijafika mkononi. Pili, huwaweka wazima na wagonjwa kwenye kapu moja bila kuwauliza hali zao. Tatu, humleta mlipaji wa pili, ama mwajiri ama serikali kwa nafasi yake ya mwajiri. Asiye na mwajiri huzikosa zote tatu kwa mpigo, na karibu kila mpango uliojaribiwa Afrika Mashariki umeziba pengo moja au mawili ukaliacha la tatu wazi.

Jinsi mshahara ulivyoingia kwenye matibabu

Bima ilifungamanishwa na ajira kwa sababu za hazina na siasa zaidi kuliko za tiba. Ujerumani ya Bismarck ilipopitisha sheria ya bima ya wagonjwa mwaka 1883, ililenga wafanyakazi wa viwandani: wao walichangia theluthi mbili, waajiri theluthi moja. Kiwanda kilikuwa mahali pazuri pa kukusanyia, kwa kuwa watu wengi walilipwa siku moja na mtu mmoja.

Marekani ilifika hapo kwa njia ya pembeni. Mwaka 1942, wakati wa vita, serikali iliweka kizuizi cha mishahara. Waajiri waliokuwa wakigombania wafanyakazi wakaanza kuwavutia kwa bima ya afya, ambayo haikuhesabiwa kuwa mshahara, na sheria ya kodi ya 1954 ikathibitisha kuwa mchango huo wa mwajiri hautozwi kodi. Tangu hapo, aachaye kazi huacha na bima. Sheria ya COBRA humruhusu abaki kwenye mpango wa kampuni, kwa kawaida hadi miezi 18, lakini kampuni inaweza kumtoza gharama yote pamoja na asilimia 2 ya uendeshaji. Hapo ndipo wengi hugundua mwajiri alikuwa akiwalipia kiasi gani. Waswahili walioko kule wanaoendesha malori au teksi za mtandaoni kwa mkataba binafsi wanaijua hesabu hiyo vizuri.

Afrika Mashariki iliirithi mantiki ileile. Kenya ilianzisha NHIF yake mwaka 1966 ikiwa na watu wa mishahara kama msingi. Tanzania, baada ya ada kurudishwa kwenye hospitali za umma mwaka 1993, ilitunga sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya mwaka 1999, na mfuko ukaanza kazi 2001 kwa watumishi wa Serikali Kuu. Kwa kila nchi, hatua ya kwanza ilikuwa rahisi kwa sababu mlipaji alikuwa tayari ameshaandikwa kwenye daftari la mhasibu. Ugumu ulianza pale serikali zilipotaka kumfikia mkulima, mvuvi, mama lishe na dereva wa bodaboda.

Nani atakusanya

Katikati ya miaka ya 1990, Dar es Salaam ilikuwa na jaribio ambalo leo halitajwi sana. Kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, vikundi vya wafanyabiashara na mafundi wadogo viliunda UMASIDA, yaani Umoja wa Matibabu katika Sekta Isiyo Rasmi Dar es Salaam. Wanachama walichanga kupitia vikundi vyao vya kazi, na umoja ukaingia makubaliano na zahanati za kuwatibu. Kikundi kilishika nafasi ya mhasibu wa kampuni. Watu walijuana, walikutana, na aliyechelewa kulipa aliulizwa na wenzake.

Vijijini, jaribio kubwa lilianzia Igunga, Tabora, mwaka 1996. Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, uliitaka kaya ilipe mara moja kwa mwaka, na kwa kila shilingi iliyochangwa na wanachama Serikali iliongeza nyingine, mtindo uliopewa jina la "tele kwa tele". Sheria ya 2001 iliueneza mfuko huo kwenye halmashauri nyingine. Wazo lilikuwa zuri, lakini kadi ilitumika katika eneo dogo, na mwanachama aliyeugua akiwa safarini au aliyepewa rufaa alijikuta hana kitu. CHF iliyoboreshwa, iliyoanza 2018, ilirekebisha hayo: maofisa waandikishaji wa vijijini wakaanza kusajili kwa simu, huduma zikapanda hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, na mchango ukawekwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita.

Gawanya kiasi hicho kwa watu sita, unapata shilingi 5,000 kwa mtu kwa mwaka. Kwa mwalimu wa mshahara wa milioni moja, mfuko hupokea shilingi 720,000 kwa mwaka kwa idadi hiyohiyo ya watu. Tofauti hiyo ya mara 24 ndiyo inayoeleza kwa nini wenye kadi ya CHF wamekuwa wakilalamika kwamba huandikiwa dawa na kuambiwa wakanunue nje. Ukusanyaji ulikuwa umepata njia. Fedha zenyewe zilikuwa chache mno.

Kwa wakulima wa mazao ya biashara kulikuwa na mlango mwingine. NHIF ilibuni Ushirika Afya kwa walioko kwenye vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, kwa shilingi 76,800 kwa mtu mzima na 50,400 kwa mtoto. Mantiki yake iko wazi: mkulima wa pamba, kahawa au korosho hana mshahara, lakini ana mauzo yanayopita mahali pamoja katika msimu unaojulikana. AMCOS inaweza kukata kama mwajiri anavyokata. Mkulima wa mahindi anayeuza debe mojamoja gulioni hawezi kufikiwa kwa njia hiyo, wala muuza mitumba wa soko la Karume.

Kenya iliipa simu nafasi kubwa zaidi. M-Tiba, iliyoanzishwa 2016 kwa ushirikiano wa Safaricom, PharmAccess na CarePay, ilimwezesha mtu kuweka akiba ya matibabu tu kwenye pochi ya simu. Baada ya NHIF kuvunjwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kuanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024, tatizo la zamani lilirudi kwa sura mpya: mfanyakazi wa mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi, lakini asiye na mshahara alitakiwa alipe mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Mama mboga hupata fedha kila siku, na kila siku huzirudisha sokoni. Serikali ilikuja kuleta mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambao humkopesha mwanachama mchango wa mwaka ili aulipe kidogokidogo.

Wazima wako wapi

Hata ukusanyaji ukipatikana, hiari huleta tatizo lake. Kwenye ajira, kijana wa miaka 25 asiyewahi kulazwa na mzee wa miaka 58 mwenye kisukari hukatwa bila kuulizwa. Kwenye soko la hiari, kijana hungoja. Anayekimbilia kukata bima ni yule aliyekwishaambiwa na daktari kwamba anahitaji upasuaji.

NHIF ya Tanzania imeionja hali hiyo mara kadhaa. Novemba 2019 ilizindua vifurushi vitatu kwa watu binafsi: Najali Afya, Wekeza Afya na Timiza Afya. Cha chini kabisa, kwa kijana mmoja, kilikuwa shilingi 192,000 kwa mwaka. Bei ilipanda kwa umri na kwa idadi ya wanafamilia, hivyo wale waliohitaji matibabu zaidi walidaiwa zaidi. Upande wa watoto kulikuwa na Toto Afya Kadi kwa shilingi 50,400 kwa mwaka, bei ambayo wazazi wengi waliimudu. Mwaka 2023 mfuko ulisitisha usajili wa mtoto mmojammoja na kuelekeza watoto waandikishwe kupitia shule au pamoja na wazazi wao. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba gharama za matibabu zilizidi michango kwa mbali, kwa kuwa wengi walioandikishwa walikuwa tayari wagonjwa.

Wazazi walikasirika, na hasira yao ilikuwa na msingi: mtoto mwenye selimundu au tatizo la moyo ndiye anayehitaji bima kuliko wote. Lakini hesabu ya mfuko nayo haikuwa ya uongo. Shilingi 50,400 za mtoto mgonjwa zinatosha tu kama kuna watoto wazima wengi wanaolipa kiasi hicho bila kukanyaga hospitali.

Kampuni binafsi za bima huitatua hesabu hiyo kwa kumchuja mteja mlangoni. Huuliza historia ya magonjwa, huweka kipindi cha kusubiri, hasa kwa uzazi na maradhi sugu, na nyingi zina ukomo wa umri kwa mwanachama mpya. Kenya nayo ilijaribu kukaza. NHIF yake ilikuwa ikiwatoza wanachama wa hiari shilingi 500 za Kenya kwa mwezi tangu 2015, na ilipoona wengi wanalipa wakiugua na kuacha wakipona, Januari 2020 ilileta masharti ya kusubiri siku 90 na kulipa mwaka mzima mapema. Masharti ya namna hiyo hulinda mfuko, lakini humfukuza hasa yule mwenye kipato cha kubahatisha.

Rwanda ilichagua njia nyingine. Bima yake ya jamii, mutuelle de santé, ilianza kwa majaribio ya wilaya tatu mwaka 1999 na baadaye ikaenea nchi nzima. Kanuni mbili ziliibeba. Ya kwanza, kaya nzima hulipiwa kabla mmoja wao hajatibiwa, hivyo mzazi hawezi kumkatia mtoto mgonjwa pekee. Ya pili, bima hiyo ni lazima kwa mujibu wa sheria, na kiwango cha uandikishaji kiliwekwa kwenye imihigo, mikataba ya utendaji ambayo mameya wa wilaya hupimwa nayo. Vikundi vya akiba, ibimina, vilitumika kukusanya fedha kidogokidogo kabla ya mwaka wa bima kuanza. Zaidi ya wananchi wanane katika kumi wameingia.

Marekani nayo, kwa sheria ya 2010, ilijaribu kuwapa wasio na bima ya kazini soko lao. Kuanzia 2014 kampuni za bima zilikatazwa kumkataa mtu kwa sababu ya ugonjwa wa zamani, na asiyekata bima alitozwa faini ili wazima nao waingie. Faini ya serikali kuu iliondolewa kuanzia 2019. Soko halikuanguka, na sababu kubwa ni kwamba ruzuku ya bei iliendelea kuwavuta wateja wa kipato cha chini na cha kati. Jambo hilo linafungua swali la tatu.

Nani atalipa nusu ya pili

Ukichunguza nchi ambazo watu wake wasio na ajira rasmi wana bima kweli, nyuma ya kadi zao utakuta fedha ya kodi. Thailand, ilipoanza mpango wa baht 30 mwaka 2001, iliacha kabisa kuwadai wakulima na wachuuzi mchango wa bima. Karibu robo tatu ya wananchi, wale wasio kwenye mifuko ya watumishi na wafanyakazi, hugharimiwa na bajeti ya taifa. Ghana, kwa sheria ya 2003, iliweka tozo ya asilimia 2.5 juu ya bidhaa na huduma, na tozo hiyo ndiyo nguzo kuu ya mfuko wake, kuliko michango ya hiari. Rwanda, kwa viwango vya mwaka 2011, iliwagawa wananchi kwa uwezo: maskini kabisa walilipiwa faranga 2,000 na serikali na wafadhili, wa kati walilipa 3,000, na wenye nacho 7,000 kwa mtu kwa mwaka. Hata hivyo michango hiyo haikutosha, na serikali imekuwa ikiongezea.

Hapo ndipo mjadala wa Tanzania unapokuwa mzito. Muswada wa bima ya afya kwa wote ulipofikishwa bungeni mwaka 2022, viwango vilivyotajwa vilikuwa shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita na 84,000 kwa mtu mmoja. Ikilinganishwa na CHF, ni zaidi ya mara kumi na moja. Ikilinganishwa na mwalimu wa mshahara wa milioni moja, kiasi hicho kinakaribia shilingi 360,000 anazokatwa yeye binafsi kwa mwaka. Kinachokosekana ni shilingi 360,000 nyingine anazoongezewa na mwajiri. Kwa maneno mengine, fundi aliombwa alipe sehemu ya mfanyakazi, na sehemu ya mwajiri haikuwa na mwenyewe.

Muswada uliahirishwa, ukakosolewa, hasa kipengele cha kufungamanisha bima na huduma kama leseni ya udereva na hati ya kusafiria, kisha sheria ikapitishwa Novemba 2023. Sheria hiyo inafanya bima kuwa ya lazima kwa wakazi wa Tanzania Bara, na inaanzisha mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, wenye vyanzo kama tozo za vinywaji vyenye kaboni, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Katika kampeni za 2025 Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi utekelezaji uanze ndani ya siku 100 za kwanza.

Kundi lenye utata ni lile la katikati. Kaya maskini zinaweza kutambuliwa kwa utaratibu kama wa TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii wa Tanzania, na kulipiwa. Wenye biashara kubwa watajilipia. Kati yao yumo dereva wa bajaji, fundi cherehani, muuza samaki wa Feri: si maskini wa kutosha kulipiwa, wala hana ziada ya kutosha kulipa laki kadhaa kwa mkupuo. Kenya imejaribu kumpima mtu huyo kwa maswali kuhusu nyumba yake, paa, choo, nishati ya kupikia na mifugo, kisha mfumo ukamkadiria mchango, usiopungua shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Wengi wamelalamika kwamba makadirio yamezidi uwezo wao. Waliojiandikisha SHA walishapita milioni 20, huku wanaochangia wakiwa sehemu ndogo tu ya hao. Mfuko unabebwa na wenye mishahara, ambao kule mwajiri wao hukata tu bila kuongeza chochote.

Kadi na dirisha la hospitali

Kwa mtu anayetaka bima leo bila kungoja sera, bei ya kifurushi ndiyo swali jepesi. Magumu zaidi ni haya: kipindi cha kusubiri ni siku ngapi kwa uzazi, upasuaji na maradhi sugu, ugonjwa aliokuwa nao kabla unalipiwa au la, kulazwa kuna ukomo wa fedha kiasi gani, hospitali zipi zinaipokea kadi katika mkoa wake, na mwakani, akiwa ameugua, ataendelea kwa bei ileile au atapandishiwa. Aliye kwenye chama, iwe AMCOS, SACCOS au umoja wa bodaboda, ana sababu ya kuuliza kwanza kama kundi linaweza kuingia pamoja, kwa kuwa mtoa bima humwogopa mteja mmojammoja kuliko kundi la watu mia walioungana kwa sababu nyingine isiyo ugonjwa.

Hata hivyo, kadi hai haimalizi mambo. Machi 2024, NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya cha mafao na bei zake, hospitali kadhaa kubwa za binafsi Tanzania zilisitisha kwa muda kuwapokea wenye kadi za mfuko huo, zikisema bei hazilipi gharama. Kenya, hospitali za binafsi zimerudia kulalamikia madeni, yakiwemo yale yaliyoachwa na NHIF ya zamani, na kuna nyakati zilidai fedha taslimu kwa wagonjwa waliosajiliwa. Mtu wa mshahara akikumbana na hali hiyo hana hiari ya kujitoa, makato yanaendelea. Mchangiaji wa hiari akirudishwa dirishani mara moja, huenda asilipe tena mwakani, na majirani aliowasimulia hawatajiunga.

Kwa hiyo kipimo cha bima kwa wote, Dodoma na Nairobi, kiko kwenye vitabu vya hesabu zaidi kuliko kwenye idadi ya waliosajiliwa. Cha kuangalia Tanzania ni kama tozo zilizotajwa kwenye sheria zinaufikia mfuko kila mwezi au zinapotelea kwenye mahitaji mengine ya hazina, na kama sehemu yake itamfikia pia yule wa katikati, angalau kwa kurudisha "tele kwa tele" ya Igunga kwa viwango vya sasa. Kenya, cha kuangalia ni wangapi wa Lipa SHA Pole Pole wanarudi kulipa mwaka wa pili. Na katika nchi zote mbili, ni siku ngapi hupita kati ya hospitali kuwasilisha madai na fedha kuingia kwenye akaunti yake.